Nilinunua graphics card ya 97,000 ndio wakini yangu avuke daraja ya gemu ya zamani

Wakuu, mko aje huko mliko. Leo siuzi kitu. Naandika yenye ilinipata mimi mwenyewe, na nitaandika vile ilikuwa, hata pale inaniaibisha, juu nimechoka kuibeba peke yangu.

Nianze hivi. Kama kuna mtu kwa hii forum alikuwa na haki ya kusema hakuna kitu ya kompyuta inaweza kumshangaza, alikuwa mimi.

Nimefungua mashine nikapata panya amezaa ndani. Nimeletewa laptop imemwagikiwa uji, nyingine imekanyagwa na ng'ombe, na zote zikarudi kwa wenyewe zikiwaka. Kuna moja mafundi watatu wa Nairobi walisema ni ya kutupa. Mpaka leo inafanya kazi kwa ofisi ya chifu.

Shule niliacha darasa la sita. Nilisukuma mkokoteni Karatina sokoni, viazi na kabeji, mpaka nikanunua kompyuta moja used. Hiyo moja ikazaa mbili. Leo niko na maduka tatu, mbili Nyeri town na moja Karatina, na nyumba ya mawe yenye sikuchukulia loan hata shilingi. Wale tulikuwa nao darasa moja wakaendelea mpaka degree, ni mimi hutengeneza laptop zao. Sijisifu, nasema tu vile iko.

Sasa skizeni vile gemu ya disc ya kuburn iliniangusha.

Niko na rafiki anaitwa Muriuki, mtu wa Giakanja. Tulipashwa tohara mwaka moja, kwa hivyo tunaitana wakini, mtu wa rika langu. Huku kwetu wakini si rafiki tu wa kawaida. Akikuomba kitu, hakuna mlango wa kutokea.

Nilipoanza na ile kompyuta moja, kwa kachumba nyuma ya stoo ya viazi, Muriuki ndiye alikuwa ananishikia duka nikiwa kwa mkokoteni. Mshahara haikuwa. Nilikuwa namlipa na gemu. Wateja wakiisha, anacheza bure.

Tulikuwa na gemu moja ya action. Komando anatumwa kisiwa fulani kuokoa watu, anapiga risasi stage baada ya stage. Jina yake ya kweli sikuwahi kujua. Mtu alikuwa ameandika juu ya disc na marker, DARAJA, kwa sababu stage ya mwisho ni daraja ndefu. Inaanza kuanguka nyuma yako, unakimbia, katikati kuna pengo, unaruka.

Hakuna mtu Karatina alikuwa amevuka hiyo daraja. Watu walikuwa wanaiongelea hapo sokoni kama ni kesi ya shamba.

Siku moja Muriuki alifika. Kachumba ikajaa, wengine wamesimama juu ya magunia. Akakimbia. Akafika kwa pengo, akaruka, akashika upande ile ingine. Zilikuwa zimebaki labda hatua kumi.

Hapo ndipo kijana wa bucha aliingia na bob ishirini mkononi. Mteja wa kulipa.

Mimi nikazima.

Nilizima kwa ukuta, kwa switch, ndio mashine iwake upya haraka. Watu walipiga kelele mpaka mwenye stoo akakuja kuangalia ni nini. Muriuki alicheka, akainuka, akapangusa kiti na mkono, akampea yule kijana.

Hiyo gemu haisave katikati ya stage. Kabla apate nafasi ya kujaribu tena, babake akaanguka mgonjwa, yeye akarudi Giakanja kushika shamba. Mimi nikaendelea kupanda.

Ni zaidi ya miaka ishirini. Mimi sikuwahi kuikumbuka hiyo siku hata mara moja. Yeye alikuwa anaikumbuka.

Mwaka huu, mvua ikiisha, Muriuki aliingia duka yangu ya Nyeri akitoka clinic ya macho. Akakaa kwa stuli. Akaniambia polepole, vile mtu husoma bei ya kitu hawezi kununua. Ni pressure ya macho. Jicho la kulia limeshaenda. La kushoto linafunga. Kuna dawa ya matone ya kuchelewesha, lakini daktari hakutaka kumdanganya itachelewesha mpaka lini.

Nikamwambia pole. Nikamwambia Mungu yuko. Mnajua zile maneno mtu hutoa mfukoni akikosa zingine.

Halafu akauliza, "Wakini, ile Daraja bado iko?"

Nikasema iko.

"Nataka kuvuka nikiwa bado naona."

Wakuu, mtu mwenye akili hapo angeuliza swali moja ama mbili. Mimi nilimpiga bega nikamwambia aje Jumamosi. Nikamwambia nitamwonyesha Daraja vile haijawahi kuonekana na mtu, juu mashine za siku hizi si zile za wakati wa viazi. Niliongea mpaka wateja wakageuka.

Ile kompyuta ya kwanza iko kwa mamangu Giakanja. Hajawahi kukubali itupwe. Iko sitting room kando ya redio, imefunikwa na kitambaa cha kushona kwa mkono, na juu ya kitambaa kuna picha ya harusi yetu. Nilitoa picha, nikatoa kitambaa, nikajaribu kuwasha. Ilikuwa imekufa kitambo. Lakini disc ilikuwa bado ndani. Mama alinisimamia mpaka nikarudisha kitambaa vile kilikuwa.

Nikaweka disc kwa mashine ya duka. Ikawaka, lakini vivuli vyote vilikuwa maboksi meusi na maji ya kisiwa yalikuwa meupe kama chokaa.

Nikasema, hii ni shida ya graphics. Mashine haina card yake, ile kifaa ya kuchora picha kwa screen. Nikaagiza card Nairobi, ya 38,500. Ikafika na gari ya asubuhi, nikaiweka, nikawasha Daraja.

Gemu ikakataa. Ikaandika kwa kizungu ati mashine haina video memory ya kutosha.

Card ya giga nane! Hiyo gemu ilitengenezwa wakati giga nane hata hatukuwa nayo kwa maduka yote ya Karatina ukichanganya. Nilikaa nikiangalia hayo maneno kama mtu ameambiwa na mtoto wake kwamba si babake.

Baadaye nilikuja kujua. Hizi gemu za zamani hazijui kuhesabu mpaka huko juu. Ni kama mtoto wa nasari umpe gunia ya maharagwe ahesabu. Vidole vikiisha, anasema hakuna maharagwe. Kuna kafaili kadogo watu wametengeneza, unaweka kando ya gemu, kanaidanganya memory ni kidogo. Hiyo niliipata mwenyewe, na nikajipongeza. Vivuli vikarudi. Maji ikawa bluu.

Jumamosi Muriuki akaja amevaa koti ya kanisa. Nikamketisha kwa kiti yangu, ile ya kuzunguka. Kwa sababu stage ya mwisho ni mbali, kwa menu tulitumia ile code ya zamani ya kuruka mpaka kwa daraja. Yeye ndiye alikuwa anaikumbuka. Mimi nilikuwa nimesahau.

Akaanza kukimbia. Daraja ikaanguka yote kabla afike hata pengo.

Akajaribu tena. Ikaanguka. Akajaribu labda mara kumi na tano. Ilikuwa inaanguka kama mtu anakunja mkeka. Na picha ilikuwa inapasuka katikati, miguu ya komando iko huku, kichwa iko kule.

Muriuki akaniambia pengine ni yeye amezeeka. Nikamwambia wacha maneno, hiyo card ni ndogo.

Hapo ndipo kosa langu liko, na nataka mlione vizuri, kwa sababu ni kosa la watu kama mimi. Mtu aliyetoka kwa mkokoteni anajua kitu moja tu juu ya mlima: ongeza nguvu. Mzigo ukikataa, ongeza mtu wa kusukuma. Hiyo akili ndiyo ilinipa nyumba ya mawe. Sikuwahi kufikiria kuna mlima wenye ukiongeza nguvu unazidi kurefuka.

Nikaagiza card ya 97,000. Giga kumi na sita, fan tatu, ndefu kama mkono wangu. Power supply ya mashine haikuiweza, nikanunua ingine ya 9,500. Na kwa vile niliona Muriuki anainamia screen mpaka pua inakaribia kugusa, nikasema huyu mtu haoni vizuri, nikamnunulia screen ya inchi thelathini na mbili, 31,000. Mke wangu aliuliza tunafungua sinema ama ni nini. Nikamwambia hii ni mambo ya wakini.

Jumamosi ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Sasa daraja haikuwa inaanguka, ilikuwa inapotea. Unagusa kitufe, unakufa. Maadui wanapiga risasi kabla waonekane. Nikaweka kwa kona ile kihesabu ya frame, yaani picha zenye mashine inatoa, ikasoma zaidi ya mia tano kwa sekunde. Mimi nikafurahi. Nikamwonyesha: ona, mia tano!

Yeye alikuwa anageuza kichwa huku na huku mbele ya hiyo screen kubwa, kama kuku anaangalia punje. Sikuelewa ni kwa nini. Kitu kikitokea kushoto, akigeuka kushoto, tayari kingine kimemuua kulia.

Alicheza kwa muda, halafu akaweka mikono juu ya magoti.

"Wacha tu, wakini. Zamani niliwezwa na switch. Sasa nimewezwa na gemu yenyewe. Hiyo naweza kukubali."

Akainuka. Akitoka, akagonga bega kwa fremu ya mlango, mlango wenye amepitia mara mia. Akaomba mlango msamaha kama ni mtu, halafu akacheka.

Nilikaa hapo. Hapo ndio kwanza nikakumbuka yule kijana wa bucha. Nikakumbuka mpaka ile noti ya ishirini, ilikuwa na mafuta ya nyama.

Sasa, chini ya duka yangu, jengo hilo hilo, kuna fundi mwingine anaitwa Gathogo. Huyu tulikosana juu ya signboard. Aliweka yake ikafunika nusu ya yangu, nikaipunguza na msumeno. Miaka minne tunapishana kwa ngazi bila salamu, kama watu wako kortini. Lakini kila mtu Nyeri anajua gemu ni yeye.

Kushuka hizo ngazi kumi na nane ndio kitu ngumu nimefanya tangu niache mkokoteni. Nilishuka nikarudi juu mara mbili. Ya tatu nikaingia na mashine mkononi.

Gathogo hakuinuka. Akaangalia ile card, akaniangalia mimi, akasema, "Kuangalia ni mia mbili. Si wewe ulileta hiyo sheria kwa hii building?"

Ni ukweli. Iko imeandikwa kwa mlango wangu na rangi nyekundu, KUANGALIA NI 200, utengenezewe usitengenezewe. Nikalipa.

Akawasha Daraja. Akaangalia ikianguka mara moja. Akaanza kucheka, si kwa ubaya, vile mtu hucheka akipatana na mtu wa kwao.

Akanieleza. Wale watu walioitengeneza, daraja yao inahesabu kuanguka kwa picha, yaani kila frame moja, kipande moja inaanguka. Lakini komando anakimbia na saa ya kawaida. Wakati huo mashine zote zilikuwa polepole, hakuna mtu aliona shida. Sasa mimi nimeleta card ya frame mia tano, daraja inaanguka na mia tano, komando bado ni yule yule na miguu mbili.

"Kila elfu uliongeza," akasema, "ulikuwa unamsukumia daraja."

Akaniuliza mashine ya zamani ilikuwa aje. Nikamwambia ilikuwa inakokota kama punda. Akasema basi hiyo ndiyo karibu imvushe. Iliyotaka kumsaidia ni ile takataka yangu ya nyuma ya viazi.

Halafu akauliza, "Na huyu mwenye kucheza anaona aje?"

Nikasema haoni vizuri.

"Sijauliza kama anaona vizuri. Nimeuliza anaona aje."

Wakuu, mimi sikujua. Nilikuwa nimetumia pesa ya kununua ng'ombe wa maziwa na sikuwa nimeuliza. Mtu akiniletea hata charger, swali la kwanza huwa ni, shida ni gani. Wakini yangu alikaa kwa kiti yangu Jumamosi mbili na sikumuuliza.

Nilienda Giakanja siku hiyo hiyo. Nikampata kwa boma anakatia ng'ombe majani ya napier, anapima kwa vidole kabla ya kushusha panga. Nikamuuliza.

Akanyoosha ngumi mbele ya uso. "Yenye naona ni hii ngumi. Kandokando hakuna kitu. Ni kama kuchungulia kwa bomba." Akaongeza, "Ile screen yako ilikuwa kubwa sana, wakini. Nilikuwa naiona kwa vipande. Lakini ulikuwa umefurahi."

Hiyo neno ya mwisho ilinikalia kifuani, na bado iko.

Jumamosi ya tatu nilibeba kila kitu mpaka kwake. Bibi yake akatoa vitambaa kwa meza, akaweka chai kwa thermos na nduma. Nikafanya vile Gathogo alisema. Nikafunga frame zisipite thelathini. Nikatoa gemu kwa full screen, nikaiweka kwa dirisha ndogo hapo katikati, kadogo kama bahasha. Pande zote zingine za ile screen ya inchi thelathini na mbili zikabaki nyeusi.

Na ile card ya elfu tisini na saba haikuzungusha fan hata moja. Niliweka sikio. Ilikuwa imelala.

Muriuki akakaa, akatafuta umbali wake, akasimamisha kichwa. Mara hii hakuwa anageuka kama kuku. Ilikuwa yote iko ndani ya bomba yake.

Akaanguka mara ya kwanza. Ya pili. Ya sita. Akanywa chai. Tayari unaona vidole vimeanza kukumbuka. Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni na taulo ya vyombo, hajui ni nini kinaendelea lakini haondoki.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ukuta, kulinda mashine isiguswe. Daraja ikaanza tena. Akakimbia. Akafika kwa pengo, akaruka, akashika.

Bila kutoa jicho kwa screen, Muriuki akasema kwa sauti ya chini sana, "Wakini. Toka karibu na hiyo switch."

Nikaangalia. Kweli switch ilikuwa nyuma ya bega langu. Nikahama mpaka katikati ya nyumba na mikono juu, kama mtu ameshikwa na polisi.

Akavuka.

Mwisho yenyewe si kitu, wakuu. Helikopta inakuja, komando anapanda, jua linazama, halafu majina ya watu waliotengeneza gemu yanapanda polepole kutoka chini. Maandishi madogo. Muriuki akayafuata kidogo, akachoka.

"Yanasema nini?" akauliza.

Mimi nasoma polepole, kizungu zaidi. Wateja wangu hawajui hiyo, huwa namwita mke wangu asome barua. Lakini nilivuta stuli nikamsomea. Majina yote, ya wageni, mengine nikiyavunja. Mwenye kuchora, mwenye kuandika muziki, mpaka wale walishukuriwa kwa kuleta chakula. Alikuwa ameegemea nyuma amefunga macho yote mawili, anaskiza. Hakunirekebisha hata jina moja.

Tulipomaliza, menu ikarudi, na yeye mwenyewe akanyoosha mkono kwa ukuta, akapapasa, akazima.

Mashine nimemwachia. Anasema anacheza stage ya kwanza kila jioni. Ya mwisho hataki tena. Wiki jana aliniambia bomba imekuwa nyembamba kidogo. Niliuliza mara hii.

Gathogo sasa tunasalimiana. Signboard bado hatujaongea.

Somo, kwa wale mnataka somo. Gemu ya zamani kwa card mpya, usikimbilie kununua. Ikisema hakuna memory, tafuta kale kafaili. Ikikimbia sana, funga frame thelathini ama sitini, ni bure. Ikiwa ni ya mtu mwingine, muulize anaona aje kabla utoe hata shilingi. Hiyo ya mwisho si ya gemu peke yake.

Kama kuna mwenye amepitia kitu kama hii, ya mashine ama ya wakini, aandike hapo chini. Mwenye kucheka pia acheke, nimezoea.

Na najua kuna mmoja wenu lazima atauliza ilinigharimu ngapi, kwa hivyo nimejumlisha. Card mbili, power supply, screen, na mia mbili ya Gathogo ya kuangalia. Toa bob ishirini nilizopokea kwa yule kijana wa bucha.

176,180.